Radhi ya Wazee wa Mitavi

Atakaye kusikia na asogee, na mwenye mjomba serikalini akae karibu na mlango, ili akitoka kwenda kusema asitukanyage. Palikuwa na nchi, na kama haipo, basi anayekula kodi zenu ni nani mimi sijui. Nchi hiyo ilikuwa na amani tele. Amani yenyewe ilikuwa nyingi hata ikahitaji askari wa kuilinda kila kona, na mtu aliyeigusa kwa bahati mbaya alilazwa hospitali.

Watu wa nchi hiyo walikuwa na lugha nyingi za bibi zao, na juu ya hizo walikuwa na Lugha ya Taifa, ambayo kila mtu aliijua. Katikati, kati ya bibi na Taifa, serikali ilikuwa imeweka Kidaraja. Kidaraja ilikuwa lugha ya wageni waliowahi kuitawala nchi. Walipoondoka waliisahau kama mtu anavyosahau mwavuli, na wenyeji wakaitunza vizuri kuliko wenyewe walivyowahi kuitunza. Sheria ya Njia Safi ilisema kwamba hakuna andiko la kale la lugha ya bibi litakaloingia katika Lugha ya Taifa pasipo kupitia kwanza kwenye Kidaraja. Waziri aliyeipeleka sheria hiyo bungeni alieleza kuwa maneno ya mabibi ni maji ya mto, yana vyura, na Kidaraja ndicho chujio. Wabunge wakapiga meza. Mmoja aliuliza kama vyura nao si sehemu ya mto, na tangu siku hiyo yeye ni balozi wetu katika nchi yenye baridi kali sana.

Basi katika Wizara ya Kumbukumbu Zilizoidhinishwa alikuwamo mfasiri mmoja aitwaye Semeni. Kazi yake ilikuwa kuyatoa maandishi kwenye Kidaraja na kuyaingiza kwenye Lugha ya Taifa. Alikuwa hodari, ana sauti nzuri, na kwenye sherehe kubwa yeye ndiye aliyepewa kipaza sauti. Alikuwa na kasoro moja tu. Alikuwa Mhuve, na Kihuve alikijua sawasawa. Kwa kanuni za Wizara, mfasiri anayeijua lugha ya asili ya andiko huhesabiwa kuwa na upendeleo, kwa sababu anaweza kugundua makosa. Semeni aliajiriwa kwa kuwa siku ya usaili hakuna aliyemuuliza, naye alilelewa vizuri, hakuwa na tabia ya kujibu asichoulizwa.

Sasa niwaambie kuhusu Wahuve. Hao walikuwa watu wa Bonde la Mitavi, lenye udongo mweusi na chemchemi isiyokauka. Katika enzi za wageni alikuja Kapteni Holtmar na askari wake, akalichoma bonde na kuwaswaga waliobaki hadi kwenye uwanda wa chumvi, mahali panapoitwa mpaka leo Makazi ya Muda. Mama yake Semeni, Bi Havijawa, alizaliwa njiani siku ya kuswagwa huko. Baba yake yeye hakufika. Alibaki Mitavi chini ya udongo aliokuwa akiulima. Bi Havijawa alizeeka juu ya chumvi, akinywa maji yasiyokata kiu, na hamu yake katika dunia hii ilikuwa moja tu, alale Mitavi hata siku moja kabla hajalazwa kaburini.

Wageni walipoondoka, Wahuve walifungasha virago warudi kwao. Walikuta bonde limeshapata mlezi. Mtukufu Baba wa Utulivu, yaani mkuu wa nchi, alikuwa amelichukua ili alitunze kwa niaba yao, na katika kulitunza alikuwa amepanda maparachichi ya kuuza ng'ambo.

Wahuve wakalalamika miaka nenda miaka rudi, mpaka mabwana wa ng'ambo wanaokula maparachichi wakaanza kuuliza yametoka wapi. Ndipo ikaundwa Tume ya Haki na Utulivu. Tume ikatangaza kwa heshima kubwa kwamba shauri litaamuliwa na ushahidi mmoja tu wa kihistoria, nao ni andiko ambalo wazee wa Mitavi wenyewe walimpelekea Kapteni majivu yakiwa bado moto. Andiko hilo linaitwa Radhi ya Wazee wa Mitavi. Likionyesha kuwa Wahuve walifukuzwa, watarudi kwao. Likionyesha kuwa waliondoka kwa makosa yao, shauri limekwisha na asiwepo mtu wa kuinua mdomo tena.

Makazi ya Muda yote yalicheza ngoma. Hakukuwa na mtoto wa Kihuve asiyeijua Radhi kwa moyo. Bibi waliwaimbia wajukuu wakiwaogesha. Bi Havijawa alianza kufunga sufuria zake kwenye khanga.

Hapa lazima nieleze desturi moja ya Wahuve, maana bila hiyo hata ninyi mtapotea pamoja na Wizara. Mhuve hamlaumu mtu usoni. Akitendewa ubaya, huenda nyumbani kwa aliyemtendea, akasimama mbele yake na kumwomba radhi. Mbuzi wako wakila mahindi ya jirani, jirani atakuja asubuhi na kukwambia, "Nisamehe kwa kupanda mahindi karibu na midomo ya mbuzi wako." Ukisikia hivyo unapoa mwili mzima, kwa sababu kila Mhuve anajua kwamba ukubwa wa radhi ndio ukubwa wa dhambi. Huruhusiwi kumkatiza. Unasikiliza hadi mwisho, kisha unasema, "Nimejiona," unakwenda kurudisha ulichochukua. Wapo watu waliosikia radhi ikianza mlangoni kwao wakatoroka kwa uani, na wengine walihama vijiji kabisa. Jibu moja tu limekatazwa, nalo ni kusema "nimekusamehe." Katika kumbukumbu zote za Wahuve jibu hilo lilikuwa limetoka kwa mtu mmoja tu, naye ni Kapteni Holtmar.

Kapteni wa watu hakuwa na kosa. Yeye alipoletewa Radhi, alimpa mpishi wake aigeuze Kidaraja. Mpishi huyo alitoka mbali, na Kihuve alichokijua kilikuwa cha sokoni, alipokuwa akinunua kuku. Alijua kusema ghali, punguza, na hili limeoza. Kwa ujuzi huo alifanya kazi nzima kabla chai haijachemka, na kazi yake ndiyo iliyopigwa muhuri, ikahifadhiwa, na kuitwa Matini Rasmi.

Matini Rasmi ilipowekwa mezani kwa Semeni aigeuze Lugha ya Taifa, aliisoma mara moja akadhani kurasa nyingine zimedondoka. Ilisema hivi: "Sisi wazee tumekosa. Tulisimama penye risasi. Moshi wetu ulimsumbua Kapteni. Watoto wetu walikuwa na kelele. Maji yetu si mazuri. Bonde hatulistahili. Bei ni sawa."

Andiko lenyewe la asili halikuwa mbali. Lilikuwa ukumbini, chini, ndani ya sanduku la kioo kando ya lifti mbovu. Wafanyakazi waliegemea kioo hicho wakisubiri lifti itengenezwe, na juu yake mtu alikuwa ameweka chungu cha maua ya plastiki. Semeni alikuwa amepita hapo tangu aajiriwe akiinamisha macho, kwa kuogopa kuonekana anasoma. Siku hiyo aliteremka, akasogeza maua, akasoma.

"Utusamehe, Bwana, kwa kusimama mbele ya risasi zako, tukazichelewesha zilikokuwa zikienda. Utusamehe kwa nyumba zetu, ambazo ziliwaka vibaya zikakutia moshi machoni ulipokuwa ukihesabu ng'ombe wetu. Utusamehe kwa watoto, waliolia kwa sauti moja mpaka wakanyamaza, na hawakujua kwamba ulikuwa umepumzika. Utusamehe kwa chemchemi, uliyoikuta safi, nasi tukaanguka humo mmoja mmoja tukaichafua. Utusamehe kwa bonde lenyewe, kwa kuwa tulizaliwa humo kabla hujafika, bila kukuomba ruhusa. Tupo hapa kwenye chumvi tunasubiri useme neno."

Machozi yalimtoka Semeni mbele za watu. Mlinzi akamuuliza kulikoni, naye akasema ni vumbi. Kwa kweli alikuwa na hasira, na ndani ya hasira hiyo kulikuwa na furaha, kwa sababu aliamini kwamba sasa jambo ni jepesi: akishaeleza, wataelewa. Msimcheke. Alikuwa na elimu nzuri, na elimu nzuri humfanya mtu aamini mambo kama hayo.

Alipanda ngazi moja kwa moja hadi kwa Mkurugenzi Mkuu, Dakta Tindwa. Dakta Tindwa alikuwa na shahada nyingi, zote zikiwa zimetundikwa ukutani, na kiti cha mgeni kilikuwa kimeinuliwa kidogo ili akikaa azione vizuri. Kando yake alikuwapo Bwana Ostervold, mshauri kutoka ng'ambo, bingwa wa Kidaraja. Bwana Ostervold alikuwa ameandika kitabu kizima kuhusu Kihuve bila kukijua, na ndiyo maana kilisifiwa kwa kutopendelea upande.

"Shikamoo Dakta," Semeni alisema. "Nimekuja kuhusu Radhi ya Mitavi. Matini Rasmi ina makosa."

"Marahaba. Unajuaje?"

"Nimesoma ya asili."

Dakta Tindwa alishusha miwani. "Umesoma Kihuve?"

"Nakijua, Dakta. Mimi ni Mhuve."

"Tangu lini?"

"Tangu nizaliwe."

"Na muda wote huo hukutoa taarifa!" Dakta alimtazama kwa huruma, kama daktari wa kweli amtazamavyo mtu aliyekuja hospitali amechelewa. "Dada Semeni, unafahamu hilo ni jambo la kufukuzwa kazi?"

"Nafahamu. Lakini nisikilize kwanza." Akawaeleza desturi ya radhi yote, tangu mbuzi na mahindi hadi Kapteni, akawatamkia maneno ya wazee kwa Lugha ya Taifa, moja baada ya jingine. Dakta Tindwa alisikia. Nasema alisikia kwa sababu katikati ya habari ya chemchemi aliacha kukoroga chai yake, na kwa kitambo kirefu kijiko kilibaki mkononi.

Kisha akakohoa. "Maelezo yako yanahusu lugha ya bibi," akasema. "Mimi kwa mujibu wa sheria siwezi kuyasikia kwa Lugha ya Taifa moja kwa moja. Mweleze Mshauri kwa Kidaraja, naye atanieleza mimi."

Semeni akamgeukia Bwana Ostervold, akaeleza upya yote kwa Kidaraja. Bwana Ostervold aliandika, akafuta, akafikiri, kisha akatoa uamuzi. Kidaraja, alisema, kina neno la kuomba radhi, na maana yake ni kukiri kosa. Hakina neno la kuomba radhi kwa maana ya kumshitaki anayeombwa. Kitu kisicho na jina katika Kidaraja hakiwezi kupita darajani, na kisichopita darajani hakiwezi kuwa ushahidi. Aliyasema hayo bila ubaya wowote. Alikuwa mtu mpole sana, anafuga paka.

"Mshauri anasema hapana," Dakta Tindwa alifasiri.

"Nimemsikia, Dakta. Ni mimi niliyekuwa nikizungumza naye."

"Ndiyo, lakini sasa imekuwa rasmi."

Bwana Ostervold alipokwenda kulisha paka wake, Dakta Tindwa alifunga mlango na sauti yake ikabadilika. "Kaa hapo, mdogo wangu. Mama yako yupo?"

"Yupo Makazi ya Muda."

"Ana hali gani?"

"Ni mzee. Chumvi imemla miguu."

"Pole yake." Alifungua mtoto wa meza akatoa ufunguo mpya kabisa, ungali na kamba ya dukani. "Kuna nyumba Mitavi. Ya matofali, bati jekundu, iko karibu kabisa na chemchemi. Mtukufu anataka Mhuve mmoja arudi bondeni awe Mkazi wa Mfano, ili wageni wakija kupiga picha wamwone amekaa barazani. Mmoja tu, usinielewe vibaya. Nilikuwa nikifikiria awe nani."

Semeni aliukodolea macho ufunguo.

"Matini Rasmi itafasiriwa, Dada Semeni. Usipoifasiri wewe, ataifasiri yule kijana wa ghorofa ya pili anayeandika 'haki' kwa herufi kubwa. Tofauti ni kwamba mama yake yeye hana shida ya nyumba. Mwenye nguvu mpishe, wahenga walisema. Sasa unataka mama afie kwenye chumvi kwa ajili ya mambo ya Kapteni, mtu aliyekwishakufa?"

Ningependa kuwaambia kwamba Semeni aliutupa ufunguo dirishani. Ningeisimulia vizuri, na ninyi mngelala salama. Lakini alimfikiria mama yake akiteka maji bila kuyachuja kwanza kwa kitambaa, akamfikiria akilala juu ya udongo alimolala baba yake, na moyo wake ukalegea. Alijiambia kwamba heri mmoja arudi kuliko wote wakose. Alijiambia pia kwamba baadaye, mambo yakitulia, ataandika kitabu. Akautia ufunguo mkobani.

Kazi aliyoifanya haikuwa na kosa hata moja. Kila neno la mpishi lililetwa salama. Ni mahali pamoja tu Dakta Tindwa alipotia mkono: "Bei ni sawa" aliona haina hadhi ya kihistoria, akaweka "Tumeridhika na fidia."

Siku ya kusomwa hukumu, serikali yenyewe ilihamia Makazi ya Muda kwa siku moja. Mahema yalisimamishwa, viti vikavishwa vitambaa, maji ya chupa yakapangwa mbele ya wakubwa. Wahuve walisimama juani, ambako walikuwa wamekwishazoea. Mtukufu Baba wa Utulivu alifika amevaa vazi la Kihuve lililoshonwa ng'ambo. Watu wazima walinong'ona kwamba utotoni mwake aliwahi kuwachungia Wahuve mbuzi, na kwamba Kihuve chake kilikuwa safi. Kama ni kweli, mtu aliyeyasema hayo kwa sauti hayupo tena wa kuulizwa.

Semeni alisimama kwenye kipaza sauti akaisoma Radhi ya Wazee wa Mitavi kwa Lugha ya Taifa, kama ilivyoidhinishwa. Sisi wazee tumekosa. Tulisimama penye risasi. Alisoma kwa ile sauti yake nzuri. Alipofika kwenye watoto na kelele zao, mama mmoja katika umati alisema "Ee!" kama aliyechomwa na mwiba. Watu wote walielewa Lugha ya Taifa vizuri kabisa. Hilo ndilo lililokuwa gumu.

Utaratibu ulitaka mwakilishi wa wananchi atoe shukrani. Wazee wakamsogeza mbele Bi Havijawa, kwa kuwa alizaliwa siku ya kuswagwa. Afisa itifaki akamkumbusha kwamba, kwa kuwa shughuli ni ya kihistoria, ni lazima aseme kwa lugha ya bibi. Bwana Ostervold atayapeleka maneno yake kwenye Kidaraja, na mfasiri wa Wizara atayaleta kwenye Lugha ya Taifa. Bi Havijawa akasema haina neno. Alijifunga khanga vizuri kiunoni, akasogea mpaka mbele ya kiti cha Mtukufu, akasimama wima kwa miguu yake ile iliyoliwa.

"Unisamehe, Bwana," alianza kwa Kihuve, na wazee wote nyuma yake wakavua kofia.

"Unisamehe kwa baba yangu, ambaye mifupa yake inaisumbua mizizi ya maparachichi yako. Ni mtu mkaidi, tangu hapo alikataa kuhama. Unisamehe kwa mama yangu, aliyenizaa barabarani akaichafua njia yatakayopita magari yako. Unisamehe kwa kuishi muda mrefu hivi. Ningalikufa mapema, ungalikula kwa raha. Unisamehe kwa kiu yetu, kwa sababu nasikia chemchemi ya Mitavi sasa inakwenda shambani, nasi tunaendelea kuiota usiku bila kukulipa. Unisamehe kwa kuwa wewe ulikula ugali wa mama zetu ulipokuwa mdogo, nao haukukufaa kitu."

Wanawake walikuwa wakilia waziwazi. Kizazi kile kilikuwa hakijasikia radhi kubwa kiasi hicho. Mtukufu aliacha kupunga usinga wake. Macho yake yalishuka kwenye viatu vyake yakakaa huko, na shingo yake ikatota jasho, na kwa muda ule mfupi, nawaambia, alionekana kama mtu. Midomo yake ilianza kufunguka. Kila Mhuve aliyekuwapo alijua neno ambalo mtu hulisema hapo.

Bwana Ostervold alikuwa akipekua kitabu chake. Maneno kama kuku na bei aliyapata, mengine hayakuwamo. Mwisho akasema kwa Kidaraja, "Bibi anasikitika kuhusu hali ya maparachichi."

Kipaza sauti kilikuwa mkononi mwa Semeni. Wahuve wote walimwangalia yeye. Alikuwa na maneno yote ya mama yake kooni, yamepangika, tayari kutoka. Hakuna kazi aliyowahi kuiweza kuliko hiyo. Dakta Tindwa, aliyekaa safu ya pili, hakumtishia. Alimtabasamia tu. Semeni akaona matofali na bati jekundu na mama yake barazani.

"Mama anaomba radhi," alisema kwa Lugha ya Taifa, "kuhusu maparachichi."

Mtukufu aliinua macho. Uso wake ulirudi mahali pake, na akatoa pumzi kama aliyeteremshiwa mzigo. Alisimama akafungua mikono yote miwili. "Mama," alinguruma, "mama yangu mpendwa! Nimewasamehe! Nimewasamehe ninyi, na wazee wenu, na watoto wenu ambao hawajazaliwa! Taifa halina kinyongo! Yaliyopita si ndwele!" Hapohapo akatangaza kuwa siku hiyo itakuwa sikukuu kila mwaka, Siku ya Wahuve Kusamehewa, na shule zitafungwa. Bendi ikapiga. Mabwana wa ng'ambo wakafuta machozi, wakaandika kwamba hawajapata kuona maridhiano mazuri namna ile, na bei ya maparachichi ikapanda.

Wahuve hawakupiga kelele. Walivaa kofia zao wakarudi majumbani, wakazifungua sufuria zilizokuwa zimefungwa kwenye khanga.

Sherehe ilipokwisha, Semeni alikwenda kwa mama yake. Alipita mbele za watu waliomjua tangu anatambaa, na kila aliyemsalimia alimwitikia vizuri na kumpisha njia. Alimkuta Bi Havijawa amepika. Alikuwa amemtandikia mkeka, akamnawisha mikono, akampakulia mwenyewe kama apakuliwavyo mgeni mkubwa. Semeni alikula matonge mawili. Kisha hakuweza kungoja, akautoa ufunguo akauweka kwenye mkeka kati yao.

"Mama, ni wa nyumba ya Mitavi. Karibu kabisa na chemchemi. Ni yako. Utakwenda nyumbani." Alisema kwa Kihuve, haraka haraka, bila kupumua. "Nilifanya kwa ajili yako. Wasingewarudisha wote, mama, hata ningesema nini wasingewarudisha. Lakini wewe utarudi."

Bi Havijawa aliutazama ufunguo. Hakuugusa. Aliweka mkono ukutani, akajiinua polepole, goti moja kisha jingine, akasimama mbele ya bintiye.

"Mama, kaa. Kaa chini, tafadhali."

"Unisamehe, mwanangu," alisema Bi Havijawa.

"Mama, usinifanyie hivyo!"

Lakini mtu hakatizwi. Bi Havijawa alisema kwa sauti ya kawaida, ile anayoitumia kuomba chumvi. "Unisamehe kwa kukubeba mgongoni kwenda shule, ningekuacha uchunge mbuzi, wasingekujua huko mjini. Unisamehe kwa kuzeeka, nikawa mtu wa kuuziwa nyumba. Unisamehe kwa miguu yangu, ambayo uliwaonyesha ili wakuhurumie. Unisamehe kwa babu yako, sasa itabidi umpite kila ukija kunitembelea. Unisamehe kwa majirani hawa waliokupa maziwa ulipougua. Hawakujua ni ya bei gani."

Semeni alikuwa amejifunika uso kwa mikono. Mama yake alingoja mpaka akaishusha.

"Na unisamehe kwa kukufundisha Kihuve sawasawa," alisema. "Ningekufundisha kidogo, kama yule mpishi, leo ungekuwa na la kujitetea."

Akabaki amesimama, akingoja. Nje majirani nao walikuwa wakisikiliza, kwa maana kuta za Makazi ya Muda ni za makuti na kila kitu husikika. Semeni alilijua neno. Ni neno moja tu, na mtoto wa miaka mitatu hulitamka. Lakini anayelitamka hana budi kurudisha alichochukua, na yeye aliiona kesho yake: kipaza sauti mbele ya Tume, mlango wa Wizara umefungwa, mlango wa Mitavi umefungwa, na mama yake papa hapa kwenye chumvi mpaka mwisho.

Aliuchukua ufunguo, akaushika sana. Kisha akajibu, wala si kwa Kihuve, bali kwa Lugha ya Taifa, kwa sauti yake nzuri.

"Nimekusamehe, mama," alisema.